Vijana wapewe penseli kabla ya mtungi wa hewa

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya mwamba wetu hapa Malindi, shauri la kwanza huwa ni kupanda. Vijana wafunzwe kuzamia, wavishwe mitungi ya hewa, washuke wakapande matumbawe kama mikoko inavyopandwa Mida. Nia ni njema, na vijana wenyewe wana hamu. Sisi tunaoandika barua hii, wengine wakufunzi wa uzamiaji na wengine walimu wa sayansi katika sekondari, tunaliunga mkono shauri hilo kwa sharti moja: kijana auhesabu mwamba kwanza, mwaka mzima, ndipo ashike kipande cha tumbawe hai mkononi.

Mkoko ukifa unaonekana. Kijiti kikavu kimesimama matopeni na kila apitaye na mtumbwi anakijua. Kipande cha tumbawe kikifa chini ya maji huvaa mwani upesi, kikafanana na jiwe la jirani, na baada ya kusi moja hakuna awezaye kusema kama palipandwa vipande 50 au 500. Asiye na hesabu ya mwanzo hana cha kulinganisha nacho, na picha za siku ya kupanda hazisaidii kitu.

Huko Florida, Marekani, lipo kundi la SCUBAnauts International lenye vijana wa miaka 12 hadi 18 wanaowasaidia wanasayansi, wakiwemo wa maabara ya baharini ya Mote, kurejesha matumbawe. Linalofaa kuigwa kwao ni ile kazi ya kupima na kuandika iliyowekwa mikononi mwa watoto, zaidi ya mitungi yenyewe. Cheti kamili cha mzamiaji wa kisayansi ni jambo jingine: vyuo vya Marekani vinavyofuata kanuni za AAUS, chama cha huko cha sayansi za chini ya maji, hudai umri wa miaka 18 na mafunzo ya saa 100. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha pili asiambiwe kuwa siku nne za kozi ya mtungi zimemfanya mtafiti. Atakuwa msaidizi wa utafiti, na kazi hiyo ina heshima yake.

Kuhesabu hakuhitaji mtungi. Miamba yetu mingi ya ndani iko kwenye kina ambacho miwani na mrija vinatosha. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Hizo ni siku za kuwaonyesha vijana madimbwi na kuwafundisha majina, wakitembea kwenye mchanga na kuacha kukanyaga mwamba. Kuogelea juu ya mwamba wakati huo ni kuukwaruza kwa magoti. Hesabu yenyewe ifanywe siku za maji mafu, mkondo ukiwa umelegea, kwenye kina cha mita 2 hadi 4.

Vifaa ni vichache. Futi ya utepe ya mita 50, ile ya nyuzi wanayotumia mafundi wa ujenzi, maana ya chuma hula kutu kwa wiki moja. Chubwi la kuvulia kwenye uzi wa mita moja na nusu. Kibao cheupe cha plastiki kilichopigwa msasa ili penseli ishike, na penseli mbili zilizofungwa kwenye kibao, kwa sababu moja itakatika ncha. Futi inalazwa sambamba na ukingo wa mwamba, kina kisibadilike, na kila mita 5 inabanwa chini ya jiwe lililokufa, kamwe isizungushwe kwenye tawi lililo hai. Ncha zote mbili zinawekewa kipande cha nondo kilichopigwa kwenye mwamba uliokufa, ili mwakani futi ilale pale pale.

Sasa kijana anaogelea polepole juu ya futi, na kila nusu mita anashusha chubwi. Anaandika kile tu ambacho chubwi limekigusa. Vituo ni 100, kwa hiyo idadi ndiyo asilimia yenyewe, bila kugawanya wala kuzidisha. Herufi ziwe za Kiswahili ili mvuvi akikishika kibao akisome: T ni tumbawe gumu lililo hai, L tumbawe laini, K lililokufa karibuni, M mwani, J jiwe, V vifusi vya matumbawe, C mchanga, P tope. Futi moja haitoshi. Zilazwe tatu au zaidi kwa kila eneo, mara mbili kwa mwaka, kaskazi ikiisha na tena kusi ikishatulia.

Makosa yanajulikana. La kwanza ni jicho kupenda tumbawe. Chubwi linaangukia mchanga, sentimita tatu tu kutoka tumbawe zuri la zambarau, na mkono wa mwanafunzi unaandika T. Kwenye futi moja kosa hilo linaweza kuongeza asilimia kumi ambazo hazipo baharini. Dawa yake ni vijana wawili kupita futi ile ile mmoja baada ya mwingine bila kuzungumza, kisha walinganishe wakiwa mashuani. T zao zikipishana kwa zaidi ya 5, wanarudi majini wote wawili.

La pili ni kuchanganya kupauka na kufa. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo, na ndani ya nyama yao huishi mwani usioonekana kwa macho unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto wanyama hao huutoa mwani, nyama inabaki kama kioo, na mfupa mweupe unaonekana ndani yake. Tumbawe hilo bado liko hai na linaweza kupona. Lililokufa halina nyama: ukisogeza uso unaona vikombe vya mfupa vikiwa vitupu, kingo zake kali, na baada ya siku chache utando wa kijani unaanza kuvaa. Kijana akijua kutofautisha hali hizo mbili, hesabu yake ya mwezi wa nne inaaminika.

Baada ya matumbawe wahesabiwe urumba, wale wanyama wa mviringo wenye miiba, kwa fremu ya bomba la plastiki ya mita moja kwa moja, na samaki, hasa kikande. Utafiti wa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kuwa vikande, na zaidi yule mwenye mistari ya machungwa, ndio walaji wakubwa wa urumba. Wakivuliwa kupita kiasi, urumba huongezeka na kuutafuna mwamba wenyewe hadi unaporomoka. Mahali ambapo fremu inaonyesha urumba wamejaa na kikande haonekani, mpango wa kupanda usimame kwanza. Pale kinachohitajika ni makubaliano na wavuvi, si gundi na vipande.

Kisha tope. Malindi ina jambo ambalo Watamu na Kiunga hawana kwa kiasi hiki, nalo ni mto Sabaki. Wakati wa kusi maji mekundu ya mto husukumwa kaskazini kuelekea Ngomeni. Kaskazi ikivuma hurudishwa huku kwetu, juu ya mwamba wa hifadhi. Mgeni hushangaa kukuta kaskazi, msimu wa bahari tulivu, maji yakiwa mazito kama chai ya maziwa, hasa baada ya mvua za vuli. Tope huzuia mwanga na hulala juu ya tumbawe, ambalo hutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha rekodi ya miaka 300 waliyoisoma kwenye mfupa wa tumbawe moja kubwa la hifadhi yetu, wakipima madini ya bariamu yanayoletwa na udongo wa mto. Tangu 1700 hadi 1900 hapakuwa na ongezeko la kudumu. Kuanzia kama mwaka 1900, mashamba ya bara yalipopanuliwa wakati wa ukoloni, udongo ukaanza kuongezeka na ukaendelea. Tumbawe lile lilikuwa likiandika habari za mashamba ya Ukambani kabla babu zetu hawajazaliwa. Hakuna somo la jiografia linalomwingia mwanafunzi wa Malindi kama hilo.

Kupima tope ni kazi ya vijana kabisa. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 15, limezibwa chini, linafungwa wima kwenye nondo, mdomo ukiwa nusu mita juu ya sakafu ya bahari. Baada ya mwezi mmoja linazibwa kifuniko kabla ya kupandishwa. Usipoliziba chini humo humo, nusu ya mavuno yanamwagika njiani. Tope linasafishwa chumvi kwa maji baridi, linakaushwa, linapimwa kwa mizani ya maabara ya shule. Mabomba matatu kila eneo, miezi 12, na tayari mnajua wapi pa kuweka kitalu cha matumbawe na wapi pa kuacha.

Mtungi unakuja hapa, baada ya kijana kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila msaada. Mashirika makubwa ya mafunzo huruhusu watoto kuanzia miaka 10, wakiwa na mipaka: wa miaka 10 na 11 wasipite mita 12, wa miaka 12 hadi 14 wasipite mita 18 na wawe na mtu mzima mwenye cheti. Kwa kazi ya mwamba wa Malindi hakuna haja ya kufika huko. Mita 10 zinatosha sana. Daktari aulizwe kabla kuhusu pumu, kifafa, moyo na masikio. Mwenye mafua hazamii siku hiyo hata akilia, kwa sababu njia ya hewa ya sikio ikiziba, mgandamizo huweza kukipasua kiwambo.

Hesabu ya hewa wafundishwe ubaoni kabla ya kuvaa chochote. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hewa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400. Bari 50 ni akiba isiyoguswa, yaani lita 600, na zinabaki 1,800. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu atavuta 40 akiwa mita 10, maana mgandamizo huko ni maradufu. Hizo ni dakika 45, na akibeba nyundo akihangaika zitakuwa 30. Kwa sababu hiyo hiyo pumzi haizuiwi kamwe wakati wa kupanda juu: hewa iliyo mapafuni kutoka mita 10 inataka kuwa maradufu ikifika juu. Kupanda kusizidi mita 9 kwa dakika, na kituo cha dakika 3 kwenye mita 5 kiwe desturi hata kama kina kilikuwa kidogo.

Kosa linaloumiza mwamba kuliko yote ni la wakufunzi, yaani kumtundika mtoto vizito vingi vya risasi kiunoni ili azame haraka na kozi iende. Mtoto huyo hushuka miguu ikitangulia, anapuliza hewa kwenye jaketi la kuelea kujinusuru, anapanda, anaachia, anaanguka tena, na kila akianguka mapezi yake yanavunja tawi la miaka mitano. Uzito wake upimwe mwishoni mwa mzamio, mtungi ukiwa na bari 50 na jaketi likiwa tupu: akivuta pumzi ya kawaida maji yafike machoni. Ukipima mtungi ukiwa umejaa, kumbuka hewa yake ina uzito wa karibu kilo 3, na mwisho wa kazi kijana ataelea kama kifuu. Asiusogelee mwamba na kifaa chochote mpaka aweze kutulia kwenye mita 5 juu ya mchanga kwa dakika 3, akiandika kibaoni, bila kupanda wala kushuka zaidi ya nusu mita.

Wasichana wasiachwe nyuma kwa sababu ya vazi. Vazi la kuogelea la mwili mzima, lenye kofia, linafaa kabisa chini ya jaketi na linakinga jua na konyeza. Mkufunzi mwanamke akiwepo, wazazi wengi hukubali. Na ratiba iepuke Ramadhani, kwa kuwa mwili uliopungukiwa maji uko hatarini zaidi kupata maradhi ya mgandamizo.

Kitalu kinaanza mwaka wa pili. Fremu ya nondo yenye miguu ya mita moja, ili mchanga unaorushwa na mawimbi usifikie vipande, iwekwe kwenye mchanga kina cha mita 4 hadi 8. Vipande vya kwanza vitoke kwenye matawi yaliyokwisha kuvunjika na kulala mchangani, ambayo yangekufa tu. Ikibidi kukata, isizidi sehemu moja ya kumi ya mama, yaani tumbawe linalokatwa, kwa koleo kali, vipande vya sentimita 5 hadi 7, na mama wawe wengi na wa mbali mbali. Vipande 200 vya mama mmoja ni kiumbe kimoja, na ugonjwa au joto likimshinda yeye limewashinda wote. Visafirishwe ndani ya maji kwenye kivuli, si juu ya benchi la mashua.

Kufunga kuna ufundi wake. Kamba ya plastiki ya nyuzi tatu inasokotwa kinyume kwa vidole mpaka nyuzi zifunguke kama mdomo, kitako cha kipande kinaingizwa, kisha unaachia na kamba inakibana yenyewe. Sentimita 15 mpaka kipande kingine. Halafu unakitikisa kwa kidole kimoja. Kikicheza, toa ufunge upya, kwa sababu nyama ya tumbawe haiwezi kuishika kamba inayosuguana nayo. Inajichuna kila wimbi likipita mpaka mfupa unabaki wazi, na mwani unaingia hapo. Kati ya vipande vinavyokufa mwezi wa kwanza, vingi vimekufa kwa kuchezacheza huko, wala si kwa maradhi ya ajabu.

Na kila wiki kuna mswaki. Mwani kwenye kamba na nondo usuguliwe, uanze kando na kwenda mbali na kipande, bila kugusa nyama. Vitako vikaguliwe kwa konokono wadogo wanaojificha mchana na kula tumbawe usiku. Huondolewa kwa kibano. Kiti cha pweza chenye miiba mirefu, yule mla matumbawe, kisiguswe na mtoto kwa hali yoyote kwa kuwa miiba yake ina sumu. Apigwe picha, ahesabiwe, na walinzi wa hifadhi waarifiwe. Wataalamu wa Australia walionyesha mwaka 2015 kuwa sindano moja ya siki inatosha kumuua, lakini uamuzi huo ni wa wenye mamlaka. Kitalu kilichokosa mswaki wiki sita ni afadhali kisingewekwa. Kwa hiyo anayeomba fedha aombe kwanza mafuta ya mashua ya wiki 52 kwa miaka mitatu, kisha ndiyo nondo. Tumeona bajeti nyingi zikiandikwa kinyume.

Joto ndilo litakaloamua. Mwaka 1998 sehemu nyingi za pwani ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yaliyo hai. Bahari ilipauka tena 2016 na 2024. Matumbawe ya matawi, yanayopendwa vitaluni kwa sababu hukua haraka, ndiyo hufa mwanzo, na yale makubwa ya mviringo, yanayoongezeka kama sentimita moja kwa mwaka, ndiyo yaliyobaki mengi. Kitalu chenye aina moja ya haraka ni kitalu cha kufurahisha wafadhili. Vipande vikatwe Septemba hadi Novemba, visikatwe kabisa kuanzia Februari hadi Mei. Kipimajoto kiwe kwenye fremu: joto likizidi wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote kwa digrii moja, kwa wiki nne, tazamia kupauka, likifika wiki nane, vifo. Kamba zishushwe kwenye kina zaidi mapema. Huko Florida, Julai 2023, hata wenye maabara kubwa walilazimika kuvitoa vipande baharini na kuvipeleka matangini nchi kavu.

Vibali ni vya lazima. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, tumbawe haliguswi bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, hata lililovunjika, hata kwa nia njema. Utafiti una leseni yake ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, washirikishwe tangu kuchagua eneo. Nje ya hifadhi, kikundi cha usimamizi wa fuo cha eneo hilo ndicho chenye kauli, na wavuvi waulizwe kabla ya fremu kushuka, maana wao ndio wanaojua nanga zinatupwa wapi na majuya, ingawa yamepigwa marufuku, yanapita wapi.

Ombi letu kwa idara ya elimu ya kaunti na kwa shule zilizo karibu na bahari ni dogo. Mwaka wa kwanza shule inahitaji futi mbili za mita 50, machubwi manne, vibao kumi, mabomba tisa, miwani na mirija, na mashua ya kukodi kwa siku sita. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili pale samaki wanapopimwa, herufi T juu kabisa, tarehe na jina la mwamba kando yake. Likizo ya Novemba, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijakaza, inatosha kulaza futi tatu za kwanza.

Wakufunzi wa uzamiaji na walimu wa sayansi,
Malindi